Umepata saa ya zamani mitumbani? Tazama uso kabla ya kuuliza kama inatembea

Mwaka 2015 mtu mmoja wa Phoenix, Marekani, aliingia katika duka la mitumba la Goodwill akatoka na saa ya mkononi aliyoilipia dola 5.99. Ilikuwa Jaeger-LeCoultre Deep Sea Alarm, saa ya wapiga mbizi yenye kengele ndani yake, ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Akaiuza dola 35,000. Habari hiyo bado inazunguka kwenye simu za watu, na kila inapozuka upya naletewa saa hapa Mombasa kutoka soko la Kongowea, kutoka kwenye madroo ya marehemu, na nyingine kutoka soko la Gikomba, Nairobi, zikiwa zimefungwa ndani ya soksi. Swali huwa ni lile lile: "Fundi, itatembea?"

Swali zuri, ila limewahi mno. Kwa saa ya zamani yenye jina, sehemu kubwa ya thamani imekaa kwenye uso: lile bamba lenye maandishi, alama za saa na rangi yake ya kiwandani. Mashine iliyosimama inafunguliwa, inaoshwa, inatiwa mafuta na kuwekewa spea. Uso uliokwanguliwa na kupakwa rangi upya haurudi tena, hata ungempa fundi wa Geneva. Ndiyo maana wakusanyaji wakikutana na Omega mbili za toleo moja, moja imekufa lakini uso wake haujaguswa, nyingine inakwenda vizuri ila uso umepakwa juzi, watagombania ile iliyokufa.

Kwa hiyo nikipokea saa, hata sijaitikisa, navaa kioo cha kukuzia na kusoma maandishi. Chapa ya kiwandani ni kali na laini kwa pamoja: kila herufi ina kingo safi, nafasi kati ya herufi ni sawa, na mistari ya dakika imefika pale pale inapotakiwa kufika. Uso uliopakwa upya hujifichua hapo. Wino umevimba, herufi ya S imelala upande, neno "Swiss Made" lililopo chini kwenye namba sita limekatwa na ukingo au limepotea kabisa, na mstari wa dakika haulingani na alama ya saa iliyo jirani yake. Tazama pia rangi. Saa ya miaka sitini yenye uso mweupe unaong'aa kama sahani mpya, na kasha lililochakaa, inakwambia kitu.

Nyingi za nyuso hizi zilipakwa India. Wakusanyaji duniani wana jina kabisa la saa zilizounganishwa kule kwa vipande vya saa mbalimbali na kupigwa nyuso za rangi za kuvutia: huziita Mumbai special. West End, Favre-Leuba, HMT, hata Omega, zote utazikuta katika hali hiyo. Anayependa rangi ile na avae bila wasiwasi. Asilipie tu bei ya saa ambayo haijaguswa.

Hapa pwani nina sababu ya pekee ya kulisisitiza hili. Watu wengi wana jamaa Maskati, na wakati wa Sultani Qaboos zilitolewa zawadi za saa zilizochapwa nembo ya Oman, khanjari na panga mbili, kwenye uso. Rolex zenye nembo hiyo, baadhi zikiwa zimepitia duka la Asprey la London, hutafutwa mno mnadani. Nembo yenyewe ni tone dogo la wino. Fundi mwenye nia njema anayeamua "kuusafisha" uso kwa kitambaa chenye dawa anaweza kuifuta kwa dakika moja, na sehemu kubwa ya thamani ya saa ikaenda nayo. Na kwa kuwa nembo hiyo ina pesa, zipo bandia nyingi. Ukiletewa moja, usiiguse, usiinunue kwa haraka, na usimruhusu mtu yeyote aipake kitu.

Kioo ni habari tofauti. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zina kioo cha plastiki, na mikwaruzo ya plastiki huondoka kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Kikipasuka, kinabadilishwa kwa gharama ndogo. Kwa mnunuzi mwenye macho, kioo kilichofifia ni neema, kwa sababu muuzaji naye haoni kilicho chini yake. Kwenye Omega za zama zile, ukikielekeza kioo kwenye mwanga na kutazama katikati kabisa, utaona alama ndogo mno ya Ω iliyochongwa kwa ndani. Ikiwepo, kioo ni cha Omega. Isipokuwepo, kilibadilishwa, na hilo peke yake si kosa.

Kasha la chuma nalo lisomwe kwenye masikio, pale ukanda unapoingia. Kiwandani kingo zake zilikatwa kali. Ukizikuta zimekuwa mviringo, kasha limepigwa polishi mara nyingi na chuma kimeliwa. Kwa dhahabu, fungua mfuniko utafute mhuri. Kasha la Uswisi la dhahabu ya karati 18 la zama hizo huwa na kichwa cha mwanamke, Helvetia, na la karati 14 huwa na kindi. Maneno "plaqué" au "20 microns" maana yake ni dhahabu iliyopakwa juu tu.

Nisimame kidogo kwenye alama zinazong'aa gizani, kwa sababu hapa suala si pesa tena. Hadi miaka ya 1960 viwanda vingi vilitumia rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi. Rangi hiyo huacha kung'aa baada ya miaka kadhaa kwa sababu kemikali inayotoa mwanga huchoka, lakini radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Saa isiyong'aa kwa hiyo haijawa salama. Ikiwa imefungwa, mkononi haina tishio kubwa. Hatari ni vumbi lake likiingia mwilini, yaani kuifungua mezani kwa chakula, kukwangua mishale kwa kisu, kupuliza uso kwa mdomo. Zilizofuata zilitumia tritiamu, na nyingi zimeandikwa herufi T kandokando ya neno Swiss, chini ya uso. Hiyo hupungua nusu kwa miaka 12 hivi na haina ukali ule. Usiporidhika ni ipi, mwachie mwenye vifaa aifungue.

Sasa twende ndani ya mashine, kwa saa moja niliyoletewa na kijana aliyeitoa mtumbani kwa bei ya viatu. Omega Seamaster ya chuma, uso wa rangi ya maziwa, vidoadoa vya kahawia karibu na namba nne, kutu kidogo kwenye mshale wa dakika. Ilikuwa ikitembea. Fundi mmoja alikwisha mshauri uso upakwe upya "upendeze". Alikuja kwangu kuuliza bei ya kupaka.

Nyuma kulikuwa na yule mnyama wa Seamaster, nusu farasi nusu samaki. Ndani ya mfuniko, namba inayoanza na 165. Kwa mpangilio wa Omega wa wakati ule, 165 ni otomatiki, yaani inayojitia ufunguo yenyewe mkononi, isiyo na tarehe na 166 ina tarehe, na uso wake haukuwa na dirisha la tarehe. Hapo vimekubaliana. Mashine ilikuwa ya rangi ya shaba nyekundu kama inavyotakiwa, imechongwa 552, namba ya aina yake, na vito 24, yaani vijiwe vigumu vinavyoshika ncha za ekseli, na namba yake ya milioni 24 na zaidi inaiweka karibu na mwaka 1966. Mfuniko, uso na mashine vyote vilikuwa vinasimulia hadithi moja. Kwa saa iliyopita mikono ya watu wasiojulikana, hilo ndilo jambo linalonifurahisha kuliko yote katika kazi hii.

Lakini kwenye ukuta wa ndani wa mfuniko kulikuwa na mkwaruzo unaong'aa, umejikunja kama mwezi mchanga. Ule ni ugonjwa unaojulikana wa familia hii. Uzito unaozunguka na kuitia saa ufunguo umeliwa kwenye ekseli yake, unayumba, na unakwangua mfuniko. Vumbi la chuma linalotoka hapo linashuka kwenye magurudumu.

Na mafuta yalikuwa yamekauka yakawa gundi. Watu wengi hawaamini ninapowaambia kwamba saa inayotembea inaweza kuwa inajiua. Mashine ya 552 inapiga mara 19,800 kwa saa moja, yaani mara 475,200 kwa siku. Kila mpigo ncha za ekseli, nyembamba kama unywele, zinajizungusha ndani ya matundu yake. Bila mafuta, ncha zinasagika na matundu ya shaba yasiyo na vito yanapanuka yakawa na umbo la yai. Kwenye kipima mwendo gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi kuhesabu wakati, lilikuwa linazunguka kama nyuzi 180, wakati saa yenye afya iliyotiwa ufunguo hadi mwisho hufika 270 na zaidi. Nilimwambia aache kuivaa siku ile ile, hata kabla hajaamua kama ataitengeneza. Ukipata saa ya zamani na hujui ilifanyiwa sevisi lini, ilaze. Usiitikise kila asubuhi kufurahia mshale wake.

Je, itengenezwe? Kwa hii, ndiyo, bila kusita. Omega ilitengeneza mashine za 550 na ndugu zake kwa wingi sana, sehemu nyingi zinaingiliana, na ekseli ya uzito bado inapatikana. Seamaster ya namna hii yenye uso wake halisi inauzwa dola mia kadhaa, kwa hiyo sevisi kamili haiimezi thamani yake.

Hesabu hubadilika haraka ukitoka hapo. Seiko 5 yenye mashine ya 7009 ni saa imara na ninaiheshimu, lakini sokoni ni makumi ya dola, na sevisi ya haki inaweza kuizidi. Itengeneze ukiwa unaipenda au ikiwa ya baba. Saa ndogo za kike za dhahabu ni kazi ngumu na soko lake ni baridi, na mara nyingi dhahabu ina bei kuliko saa, jambo linaloniuma kila ninapoona moja ikienda kwa sonara kuyeyushwa. Saa zenye vipima muda, zile za vitufe viwili pembeni, zina thamani kubwa lakini kipande kimoja kikikosekana unaweza kukisaka mwaka mzima. Hizo usimpe mtu ambaye hajawahi kuzifungua. Na saa iliyoingiwa na maji ya bahari, kutu ikafika kwenye springi nyembamba ya mizani, mara nyingi inabaki ya kutolewa spea.

Kuna saa pia inayofika ikikimbia dakika kadhaa kwa siku, mwenyewe ameshakata tamaa, kumbe imeshikwa na sumaku ya spika au mfuniko wa simu. Hiyo inaondolewa kwa kifaa kidogo kwa sekunde chache. Mwombe fundi aipime kabla ya kukutajia bei ya kuifungua yote.

Ile Seamaster niliifungua yote, nikaiosha, nikaibadilishia ekseli, springi kuu na mpira wa kuzuia maji, na nikaizuia kutu ya mshale isiendelee bila kuupaka rangi. Uso sikuugusa. Vidoadoa viko pale pale namba nne. Maneno "Waterproof" yako nyuma, lakini nilimkataza kuogelea nayo, maana kasha la umri ule haliaminiki baharini.

Ukimpelekea fundi wako, mwambie mambo matatu kabla hajashika bisibisi: uso usiguswe, kasha lisipigwe polishi, na kila kipande kitakachotolewa kirudishwe kwako kwenye kimfuko. Mnunuzi wa kesho atataka kuona ufunguo wa zamani, kile kitufe cha pembeni cha kuzungusha, wenye alama ya Omega hata kama umelika, na kile kimfuko kitaingia kwenye bei.