Imipramini na mkojo: yanayodhaniwa na yaliyothibitishwa

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba imipramini, mojawapo ya dawa kongwe za sonona, humponya mtoto anayekojoa kitandani. Haiponyi, huzuia tu kwa muda inapotumika. Tangu mwaka 1960, ilipoanza kuandikwa kuwa inasaidia, majaribio mengi yamefanyika, na mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, yanaonesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano hulala mkavu akiwa anaimeza, kisha wengi hurudia kukojoa inapoachwa. Kengele ya kitandani, ambayo hulia mtoto anapoanza tu kulowa, ndiyo yenye matokeo ya kudumu zaidi. Mzazi asiyelijua hili huona mkojo umerudi, hudhani dozi ilikuwa ndogo, naye huongeza kidonge cha pili na cha tatu. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana dozi ya imipramini na dawa za kundi lake, ziitwazo trisaikliki, ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, na mtoto anaweza kufa. Kwa hiyo nasisitiza kwa kila familia: dawa ikae kwenye kabati lenye kufuli, kidonge kitolewe na mtu mzima, mdogo wake asionjeshwe hata kama naye anakojoa, na dozi ipunguzwe taratibu wakati wa kuacha.

Wapo pia wanaoamini kuwa kuandikiwa dawa ya sonona ni kuambiwa una ugonjwa wa akili. Sivyo. Hapa hutolewa kwa sababu ya inavyofanya kazi kwenye kibofu: imipramini hupinga kazi ya asetilikolini, kemikali ya neva inayokaza msuli wa kibofu, hivyo msuli huo hulegea, na huongeza noradrenalini, kemikali nyingine ya neva, ambayo husaidia kukaza shingo ya kibofu.

Kwa watu wazima wasioweza kuzuia mkojo, ushahidi kwamba imipramini husaidia ni hafifu, na mzee hulipia gharama kubwa: kinywa hukauka, choo hufunga, kizunguzungu humwangusha anapoinuka usiku, na mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kubanwa na mkojo kabisa. Kumpa mzee amitriptilini ya jirani, dawa nyingine ya kundi hilo, eti ni dawa ileile ni kosa ambalo sina uvumilivu nalo.

Mama anayevujwa na mkojo akikohoa au akicheka hapaswi kuanzia kwenye vidonge hivi hata kidogo. Aanze na mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu kwa chini, kila siku kwa angalau miezi 3, akielekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Duloxetini, ambayo barani Ulaya imeidhinishwa kwa tatizo hilo, ni ya kundi jingine la dawa za sonona.