Je, wajua kwa nini kupunga upepo humtuliza mtu?

Jua likianza kupoa, watu wa Mombasa huelekea Mama Ngina, wa Unguja Forodhani, wa Dar es Salaam Coco Beach. Ukiwauliza wanafanya nini, watakujibu: "Tunapunga upepo tu." Mihogo, dafu, soga mbili tatu, macho yakiwa baharini. (Usichanganye na kupunga pepo, hayo ni mambo ya waganga na ngoma zao.) Lakini hurudi nyumbani wepesi kuliko aliyeshinda kitandani na simu yake. Kwa nini?

Stephen na Rachel Kaplan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza kwamba umakini ni wa namna mbili. Upo wa kujilazimisha: kufunga hesabu za duka, kuendesha gari kwenye foleni, kusikiliza kikao huku unapambana na usingizi. Hapo akili hushika jambo moja na wakati huohuo hufukuza mengine yote, na kufukuza huko ndiko kunakochosha. Ndiyo maana mtu hufika nyumbani jioni akamfokea mtoto kwa kikombe kilichomwagika. Umakini wa pili hauna jasho. Wimbi linakuja, ngalawa inarudi, majani yanatikisika. Macho huvutwa yenyewe, na ule wa kwanza hupata kupumzika.

Simu hainyimi mwili usingizi tu. Kila video inakudai uamue: uitazame au uipite, ujibu au unyamaze. Umelala chali, lakini mlinzi bado yuko lindoni.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapeleka watu kutembea kwa dakika 90, wengine penye nyasi na miti, wengine kando ya barabara kubwa. Wa kwenye miti walirudi wamepunguza ile tabia ya kucheua mawazo machungu, na sehemu ya ubongo inayohusika nayo ilikuwa imetulia. Wa barabarani walirudi kama walivyoondoka.

Asiye na bahari wala msitu je? Mwaka 1984, mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa wa hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani, waliofanyiwa upasuaji wa nyongo. Ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa mapema na kuomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Miti yenyewe waliiona kwa dirishani tu, wakiwa kitandani.