Simu imelala kifudifudi, komredi hayuko kitabuni

Stima ikipotea usiku huku Lurambe, Kakamega, madirisha ya hosteli za makomredi, yaani sisi wanafunzi wa chuo, hayaingii giza. Kila moja lina mwanga mdogo wa samawati wa simu. Vitabu ndivyo vilivyofungwa. Na kuhusu simu na masomo, kila mtu ana kauli yake.

"Nimeizima mlio na kuilaza kifudifudi. Hainisumbui."

Dhana hii niliishi nayo miaka miwili. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwapa watu karibu 800 majaribio ya akili, simu zote zikiwa kimya. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani. Tafiti nyingine hazikupata jibu lilo hilo kila mara, kwa hiyo nikajaribu mwenyewe. Usiku wa kuamkia mtihani wa takwimu nilimwachia mama wa chapo simu aichaji kibandani. Nusu saa haijaisha, nikahisi paja linatetemeka. Nikatia mkono mfukoni haraka: kalamu na shilingi ishirini. Kumbe si mimi tu. Mwaka 2012 wanafunzi 290 wa chuo kimoja jimboni Indiana, Marekani, waliulizwa kuhusu mtetemo huo wa uongo, na asilimia 89 walikuwa wameshauhisi.

"Najibu tu 'poa', sekunde mbili."

Kuandika ni sekunde mbili, ndiyo. Kurudi ndiko kunakokula muda. Akili haifikirii mambo mawili mazito kwa pamoja. Huruka kutoka hili hadi lile, na kila ikiruka huacha kitu nyuma. Ndiyo maana unasoma mstari mmoja wa fomula mara tatu na bado hujui herufi ile inasimamia nini.

"Kuandika 'xaxa' badala ya 'sasa' kunaua tahajia."

Watafiti wa Coventry, Uingereza, waliwapima watoto wa miaka 10 hadi 12. Waliopenda vifupisho vya simu hawakuwa wasomaji wabovu. Wengine walikuwa bora. Lakini hicho kilikuwa Kiingereza. "Xaxa" bado inaniumiza macho.

Wazee wetu nao husema: "Huo ni uraibu kama bangi, mnyang'anyeni." Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 ina kamari na michezo ya video, simu na ujumbe havimo. Hasara ipo, usingizi unaibiwa, ila hiyo simu ndiyo M-Pesa ya hela ya chakula na ndiyo ubao wa matangazo wa darasa.

Asubuhi nilipita kibandani kuichukua. Jumbe 143. Za maana mbili: mama akinitakia heri, na kiongozi wa darasa akisema ukumbi wa mtihani umebadilishwa. Hiyo ya pili niliisoma nikiwa mlangoni mwa ukumbi mtupu.