Mbalamwezi ikitoka: kiu ya pombe inaanzia kwenye ubongo

Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu hufanya kazi wakati wa giza. Mwezi ukishapevuka taa zao hazivuti samaki, kwa hiyo hubaki nchi kavu siku kadhaa, na hapo ndipo vilabu vya mialoni hujaa. Mvuvi mmoja tunayemtibu katika kliniki yetu ya afya ya akili hapa Mwanza aliniambia: "Daktari, giza likiwepo nakaa wiki nzima sijanywa. Mbalamwezi ikitoka tu, mate yananijaa."

Nyumbani wanasema hana msimamo. Mimi naona wanamwonea.

Ubongo wa kila mtu hutengeneza dawa yake ya kutuliza maumivu na kuleta raha, jamii moja na mofini, iitwayo endofini. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa ubongo una vipokezi vya dawa za aina hiyo, mfano wa kitasa kinachosubiri ufunguo wake. Pombe si ufunguo huo. Inachofanya ni kuufanya ubongo uachie endofini zake wenyewe, nazo zikiingia kwenye vitasa zinalegeza breki iliyokuwa ikiizuia dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu na raha. Raha inakuja, na pamoja nayo ubongo unanakili kila kilichokuwepo: harufu ya kilabu, sauti ya wenzake, hata mwanga wa mwezi juu ya maji. Ndiyo maana mate yanamjaa kabla hajashika glasi.

Miaka ikienda mambo hugeuka. Kemikali nyingine ya jamii hiyohiyo, dinofini, huzidi nguvu na kumwachia mtu huzuni na wasiwasi kila pombe inapomtoka. Sasa hanywi apate raha, anakunywa aondoe adha. Wanaoamka na kuzimua wananielewa.

Dawa ipo. Naltreksoni hukaa kwenye vile vitasa bila kuvifungua, endofini zikija zikute mlango umeshazibwa. Tafiti mbili za Marekani za mwaka 1992 zilionyesha kuwa inapunguza kurudia ulevi, mwaka 1994 ikaidhinishwa huko kwa kazi hiyo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya matatizo ya pombe. Haimfai kila mtu, na huenda vizuri zaidi ikiambatana na ushauri nasaha. Lakini anayesaidika nayo husema bia imepoa, haina utamu ule, na chupa ya pili anaiacha mezani.

Mwambie daktari ukweli wote kabla ya kuianza. Anayetumia tramadoli au mofini akiimeza atapata arosto kali ya ghafla, na mwenye ini lililoharibika sana hapewi.

Ndugu zangu, hili nalisisitiza: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu msimfungie ndani eti aache leo hii. Naltreksoni haizuii hatari ya kukatisha pombe ghafla. Mikono ikianza kutetemeka, akitokwa jasho, akaona vitu visivyokuwepo au akapata degedege, mkimbizeni hospitali usiku huohuo, maana hali hiyo inaua.

Mvuvi wetu sasa anahesabu siku za mwezi kama zamani, ila huja kliniki siku mbili kabla haujapevuka.