Hisia ya usalama: kwa nini idadi ya bunduki haitoshi kuieleza

Hisia ya usalama ni namna mtu anavyojiona yuko salama pale anapoishi, hata kama rekodi za polisi zinasema vingine. Si lazima ilingane na usalama wenyewe. Mtaa unaweza kupita mwaka mzima bila mtu kukabwa, na bado wakazi wakajifungia ndani giza likiingia.

Watafiti huipima kwa swali jepesi. Gallup, shirika la kura za maoni, huwauliza watu wa nchi zaidi ya 100: je, unajihisi salama ukitembea peke yako usiku katika mji au eneo unaloishi? Swali limefikiriwa. Ukiwa peke yako huna wenzako wa kukutia moyo, usiku njia ni tupu, na eneo lako unalijua kwa miguu yako, si kwa taarifa ya habari.

Sasa bunduki zinaingia wapi? Kuna wanaosema silaha zikijaa mikononi mwa raia, kila mtu ataogopa. Wengine wanasema mwenye bastola kiunoni haogopi giza. Takwimu, kwa maoni yangu, zinawaangusha wote wawili. Small Arms Survey, taasisi ya utafiti iliyoko Geneva, ilikadiria kuwa mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki kama 120 kwa kila watu 100. Singapore hazikufika hata moja, na kwenye swali la Gallup nchi hiyo huwa kileleni, watu zaidi ya 9 kati ya 10 wakijibu ndiyo. Ukiishia hapo utadhani mjadala umekwisha. Lakini Norway na Finland, zenye bunduki karibu 30 kwa kila watu 100, nazo huwa juu sana. Afrika Kusini, yenye kama 10 tu, huwa karibu na mkia.

Idadi peke yake, basi, haisemi mengi. Finland bunduki nyingi ni za kuwindia, zina leseni, na mwenyewe anapozinunua anamfikiria paa, si jirani. Marekani ni tofauti: katika utafiti wa mwaka 2023 wa Pew, kituo cha utafiti cha huko huko, wamiliki 72 kati ya 100 walitaja kujilinda kuwa sababu kubwa ya kuwa na silaha. Hapo huenda hofu ndiyo iliyotangulia na bunduki ikafuata, jambo ambalo wabishani wengi hulisahau.

Hofu yenyewe haigawanywi sawa. Wanawake huogopa njia ya usiku kuliko wanaume karibu kila nchi, ilhali wanaouawa wengi duniani ni wanaume, hasa vijana. Hilo halina maana kwamba wanawake wanajitisha bure. Wanachokihofia mara nyingi si kuuawa bali kushambuliwa kingono, na matukio mengi ya aina hiyo hayafiki polisi kabisa.

Mwaka 2023, Wamarekani 40 kati ya 100 waliiambia Gallup kuna mahali karibu na kwao wangeogopa kupita peke yao usiku. Kiwango hicho hakikuwa kimefikiwa tangu 1993. Katikati ya miaka hiyo miwili, kwa hesabu za FBI, mauaji yalishuka kutoka zaidi ya 9 kwa kila watu 100,000 hadi chini ya 6.