Waifai sio intaneti

Juzi tena dada yangu kanipigia kutoka Malindi, "waifai imekata", namuuliza alama ya waifai juu ya simu ipo, ananambia ipo tena imejaa. Sasa ikiwa imejaa imekatikia wapi?

Waifai ni mawimbi ya redio baina ya simu yako na ruta, kile kiboksi cha nyumbani kinachogawa intaneti, inaishia hapo. Intaneti ndo ile inayoingia kwenye ruta kwa waya wa faiba, uzi wa kioo unaopitisha mwanga, au kwa laini ya simu, nayo inaweza kufa huku waifai nzima kabisa.

Jina lenyewe limewachanganya watu. Wengi wanashikilia ni kifupisho cha "Wireless Fidelity", hata skuli nshasikia watoto wanafundishwa hivo, na sio kweli. Mwaka 1999 kampuni zilizoungana kusimamia vifaa vya mawimbi haya zilikuwa na kiwango cha kiufundi kinaitwa IEEE 802.11b, nani atakwenda dukani kuulizia hilo, wakaenda kwa Interbrand ambao kazi yao kubuni majina ya bidhaa, wakapewa Wi-Fi, lipatane kwa sauti na hi-fi, lile neno la redio kubwa za muziki zinazosifiwa kwa sauti safi. Hiyo "Fidelity" ilibandikwa baadae kwenye tangazo lao, wakaja wakaiondoa lakini ishazagaa. Kwa hivo jina halitaji intaneti popote, wala herufi zake hazina kirefu cha kutafutwa.

Mtu atasema maneno tu haya, lakini ukikosea jina unakosea na dawa. Mara ya mwanzo kwa dada tatizo lilikuwa waifai kweli, ruta kaiweka ndani ya daka nyuma ya sinia la shaba, na nyumba ile ya zamani ukuta wa mawe na chokaa unene wake dhiraa nzima, chumbani mawimbi yatafikaje? Yeye akawa anawalalamikia wa intaneti siku mbili. Tumeitoa tukaiweka juu ya kabati karibu na mlango, ikashika. (Na lile jina la pili la mtandao lenye 5G mwishoni sio 5G ya simu, ni mawimbi ya gigahezi 5, yaani kasi ya mtetemo wake, inakwenda mbio lakini ukuta kama ule inauvuka kwa tabu kuliko ile ya 2.4.)

Safari hii kinyume chake. Kaizima ruta kaiwasha mara nne, kaihamisha mpaka ukumbini, na taa yake ya LOS inamwakia nyekundu muda wote, maana yake mwanga haufiki kutoka kwenye faiba. Nimefika nikakuta mguu wa kochi umeukalia ule waya mwembamba, umekunjika.

Basi da'angu, alama ikiwa imejaa na hakifunguki kitu, sema intaneti haiji, na uitazame taa kabla hujahamisha chochote. Alama ikipungua kila ukiingia chumbani, hiyo ndo waifai.