Fangasi kwenye vali ya moyo

Ukitaja fangasi, wengi hufikiria vidole vya miguu au mashilingi kichwani. Lakini kandida, yule anayeweka utando mweupe kinywani mwa mtoto mchanga, anaweza kuingia kwenye damu na kuota juu ya vali ya moyo, yaani kilango kinachoelekeza damu moyoni. Huo ndio ugonjwa unaoitwa endokaditisi ya fangasi; endokaditisi ni maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na vali zake. Ni nadra: endokaditisi nyingi huletwa na bakteria, na fangasi huchangia kama 1 au 2 tu katika kila wagonjwa 100.

Mbona watu wazima waliozaliwa na kasoro za moyo wako hatarini zaidi? Ndani ya moyo wenye afya ni laini, vijidudu hukosa pa kushika. Palipo na tundu au vali iliyobana, damu hupita kwa kasi na kuukwangua utando wa ndani wa moyo. Upasuaji wa utotoni nao huacha vali bandia, viraka au mirija, na hapo fangasi hung'ang'ania vizuri. Mtu amekua, anafanya kazi, anajihesabu alishapona. Kumbe kile kifaa bado kimo. Mlango wenyewe mara nyingi ni mpira wa dripu uliokaa muda mrefu kwenye mshipa mkubwa, au antibiotiki za wiki nyingi zilizowaachia fangasi uwanja.

Kinachonisumbua ni jinsi ugonjwa huu unavyojificha. Homa haiishi, uzito unapungua, antibiotiki hazisaidii. Kandida kwa kawaida huota damu ikioteshwa maabara, ila aspegilasi, fangasi mwingine wa jamii moja na ukungu wa mahindi yenye sumukuvu, karibu kamwe haoti. Wakati huohuo fangasi hujenga kichuguu juu ya vali, na vipande vikimeguka upande wa kulia huishia kwenye mapafu, mgonjwa akadhaniwa ana nimonia au TB. Vya upande wa kushoto huziba mishipa ya ubongo, au mguu ukawa baridi ghafla. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), hasa kile cha kupitisha kifaa kwenye umio, ndicho huonyesha kichuguu hicho.

Dawa peke yake mara nyingi haitoshi. Amfoterisini B hutumika sana dhidi ya kandida, ingawa huchosha figo. Mwenye aspegilasi hupewa vorikonazoli. Mara nyingi vali hukatwa na kubadilishwa, na hata hivyo karibu nusu ya wagonjwa hufariki. Anayepona kandida ya vali bandia huweza kuendelea na vidonge vya flukonazoli maisha yake yote.